Matandazo ya bustani: jinsi ya kujua unahitaji kiasi gani kabla hujaita gari

Mwezi wa tano masika yakianza kupungua ndo watu wengi wanaanza kutafuta maranda, pumba za mpunga, nyasi, majani, chochote cha kufunika udongo kabla jua la Juni na Julai halijanyonya unyevu wote uliobaki, na hapo ndo swali linakuja, niagize magunia mangapi? Wengi wanakadiria kwa macho, na kwenye hili macho yanadanganya sana, maana rundo la maranda likiwa pale kwa seremala linaonekana kubwa kweli, ukilifikisha nyumbani ukaanza kutandaza linaisha kabla hujamaliza tuta la pili. Unaita gari tena, nauli mara mbili. Au inakuwa kinyume chake, mzigo unabaki, na kwa kuwa umeshalipia unaurundika wote kwenye mashina ya mimea mpaka yanaanza kuoza. Yote mawili yanaepukika kwa hesabu ndogo tu ambayo ukiishika hata karatasi huhitaji.

Hesabu yenyewe ni hii: eneo la mita moja ya mraba ukilifunika kwa unene wa sentimita 1 linakula lita 10. Basi. Ukitaka unene wa sentimita 5 ni lita 50, sentimita 8 ni lita 80, sentimita 10 ni lita 100. Ndoo ile ya lita 20 inayokaa kila nyumba inafunika mita moja ya mraba kwa sentimita 2, kwa hiyo sentimita 5 ni ndoo mbili na nusu. Watu wakisikia mita za ujazo wanachoka kabla hata ya kuanza, ila mita moja ya ujazo ni lita 1,000 tu, yani ndoo 50, so ushauri wangu piga kila kitu kwa lita na ndoo, maana ndoo unayo hapo nje unaiona, na hata unayemuuzia au anayekuuzia mnaelewana bila kubishana.

Anza na eneo. Chukua tepu ya fundi, kama huna chukua kamba uifunge fundo kila baada ya mita moja ukipimia futi kamba ya cherehani, inatosha kabisa. Pima kile tu kitakachofunikwa, njia za kupita usizihesabu kama huna mpango wa kuzifunika. Tuta la mstatili ni urefu mara upana, tuta la mita 5 kwa mita 1.2 ni mita za mraba 6. Kile kipande cha pembetatu kwenye kona ya uzio ni urefu mara upana halafu unagawa kwa mbili. Kama kitalu kimejipindapinda, pima upana sehemu tatu au nne, jumlisha, gawanya upate wastani, kisha zidisha na urefu. Usijichoshe kutafuta usahihi mkubwa hapa, ukikosea nusu mita ya mraba kwa unene wa sentimita 5 umekosea lita 25 tu, ndoo moja na kidogo.

Kwenye miti ni duara na hapa ndo wengi wanakwama bure. Pima kutoka kwenye shina mpaka pale unapotaka matandazo yaishie, namba hiyo izidishe kwa yenyewe halafu mara 3.14. Kisha fanya hivyohivyo kwa lile duara dogo la kuzunguka shina ambalo unaliacha wazi, utoe. Chukua mwembe mdogo ambao matawi yake yanafika mita 2 kutoka shinani: 2 mara 2 mara 3.14 ni 12.56. Duara la wazi la sentimita 30 ni 0.3 mara 0.3 mara 3.14, kama 0.28. Inabaki 12.28. Kwa unene wa sentimita 8 zidisha mara 80 unapata lita 982, karibu mita nzima ya ujazo kwa mti mmoja, na angeulizwa mtu kwa macho angesema gunia tatu zinatosha. Kwenye mboga kile kiduara cha sentimita 5 unachokiacha kuzunguka kila mche wa nyanya au pilipili hoho usihangaike kukitoa kwenye hesabu, ni kidogo mno hakibadilishi kitu.

Sasa unene, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo penye tofauti kubwa. Hakuna unene mmoja wa kila kitu, inategemea unatandaza nini. Vitu laini vinavyolala vikabanana, kama pumba za mpunga na maranda madogo, sentimita 3 mpaka 5 zinatosha, ukizidisha vinashikana na mvua nyepesi inaishia juu haifiki chini kwenye mizizi. Vumbi la mbao lile la msumeno ndo balaa zaidi, linatengeneza gamba, sentimita 2 au 3 basi, na ni bora ulichanganye na kitu cha kuchambuka kama majani makavu. Vipande vikubwa vya matawi yaliyokatwakatwa vinapitisha hewa na maji vizuri kwa hiyo unaweza kwenda sentimita 7 mpaka 10, hasa chini ya miti. Nyasi kavu, mabua na majani ya migomba ni habari nyingine kabisa, vinaingiza hewa nyingi, leo unaona sentimita 15 ukija baada ya mvua mbili tatu ni sentimita 5 au 6. Kwa hiyo ukitaka nyasi zibaki sentimita 5 zikishalala, tandaza mara mbili mpaka mara tatu ya hapo.

Udongo nao una sauti yake. Kwenye mchanga mchanga kama kwetu ukanda wa pwani, maji yanapita haraka na jua ni kali, nenda kwenye ule upande mnene wa vipimo. Kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji, nenda upande mwembamba, maana ukiufunika sana wakati wa mvua mizizi inakosa hewa. Na kama mboga ni miche midogo ndo kwanza imetoka ardhini, subiri ifike urefu wa kiganja hivi ndo utandaze, la sivyo unaifukia.

Baada ya hapo ni kugeuza lita ziwe vyombo unavyonunulia. Gunia letu la kawaida la mahindi linaingia debe 6 hivi, hiyo ni kama lita 120. Lumbesa ni zaidi, kiroba ni pungufu, toroli za mafundi zinatofautiana, karai ndo kabisa kila moja na lake. Usibahatishe, chukua ndoo ya lita 20 jaza chombo chako mara moja ukihesabu, andika kwa maka peni ubavuni, umemaliza, hiyo namba utaitumia miaka yote. Na usikubali kununua maranda wala pumba kwa kilo. Pumba za mpunga ni nyepesi mno, gunia zima la lita 120 linaweza lisifike hata kilo 20, na yakiwa yamenyeshewa uzito unaongezeka mara nyingi wakati ujazo ni uleule, unakuwa umenunua maji.

Tupige mfano mmoja kamili, bustani ya nyuma ya nyumba. Kuna matuta 4 ya mboga, kila moja mita 5 kwa 1.2, migomba 3, na mipapai 2. Matuta ni mita za mraba 24, tunataka maranda sentimita 5, kwa hiyo 24 mara 50 ni lita 1,200. Migomba tunafunika mpaka mita 1.5 kutoka shinani na kuacha sentimita 30 wazi, kila mmoja unakuwa na mita za mraba 6.8 hivi, mitatu ni kama 20, na migomba inapenda matandazo mengi maana mizizi yake mingi iko juu juu, tukisema sentimita 10 ni lita 2,000. Mipapai tunakwenda mita 1 na kuacha sentimita 20, kila mmoja mita za mraba 3, miwili ni 6, kwa sentimita 7 ni lita 420. Jumla lita 3,620, gunia 30 na kitu.

Mtu akiona gunia 30 anakata tamaa, ila angalia vizuri hiyo hesabu. Zaidi ya nusu imeliwa na migomba mitatu, na migomba yenyewe ndo inajitengenezea matandazo, majani makavu unayoyapunguza na ule mkungu ukishavunwa lile shina unalikatakata unalitandaza palepale. Hivyo toa migomba kwenye orodha ya kununua. Inabaki 1,200 na 420, lita 1,620. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kulala na kumwagika njiani, inakuwa kama lita 1,780, gawa kwa 120, gunia 15. Hii ndo faida hasa ya kuhesabu kipande kwa kipande badala ya kuchukua eneo lote kwa jumla, unaona ni wapi mzigo unaenda na ni wapi una mbadala wa bure.

Wenzetu wa Kagera wanalijua hili toka zamani, kibanja cha migomba na kahawa kinafunikwa kwa mabaki ya migomba yenyewe, halafu nyasi zinakatwa rweya, yale maeneo ya wazi nje ya vibanja, zinaletwa kuongezea. Hata kule kwenye vihamba vya Kilimanjaro, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, majani ya mgomba hayatupwi.

Nyasi zina njia yake ya kupima ambayo naipenda kuliko hesabu zote, maana nyasi hazijazi ndoo vizuri, ukizishindilia zinaingia nyingi ukiziacha zinaingia chache. Weka kamba kwenye ardhi, mraba wa mita 1 kwa mita 1. Chukua mzigo mmoja wa nyasi, ule wa kubeba kichwani au robota moja, tandaza ndani ya huo mraba mpaka unene unaoutaka, kama nyasi zimebaki hamia mraba wa pili, mpaka mzigo uishe. Mzigo umefunika miraba mingapi? Tuseme umefunika miwili na nusu. Mwagia maji vizuri, uache kama wiki, rudi na rula uchomeke mpaka iguse udongo, sehemu tano tofauti. Ukikuta sentimita 5 uko sawa, gawa eneo lako lote kwa 2.5 ndo idadi ya mizigo, matuta yetu ya mita 24 yanataka mizigo 10. Ukikuta sentimita 3 tu, ujue inabidi uongeze, mizigo itakuwa kama 16. Jaribio hili linakuambia ukweli wa nyasi zako wewe, zilizokatwa kwenu, kwa ukubwa wa mzigo wa huyo huyo anayekuletea.

Kwenye bei, gawa bei kwa lita kila mara. Namba hizi ni za mfano tu: gunia la lita 120 kwa shilingi 2,000 ni kama shilingi 17 kwa lita. Mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anakuambia 15,000 mpaka mlangoni. Pima bodi, urefu mita 1.9, upana 1.4, kimo cha kingo 0.3, zidisha zote unapata 0.8, yani lita 800, kama shilingi 19 kwa lita, magunia ni nafuu kidogo kama unaweza kuyafikisha. Lakini maranda ni mepesi, gari halizidiwi, akipandisha kingo kwa wavu au mbao mzigo ukafika kimo cha mita 0.8 ni lita 2,100 na ushee, shilingi 7 kwa lita. Bei ileile, gari lilelile, mzigo karibu mara tatu. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana na dereva ulizia mzigo utafika kimo gani na mkubaliane kabisa, na ukumbuke barabara ikiwa mbovu maranda yanatikisika yanashuka njiani, pima yakiwa yanapakiwa.

Kwa mwenye robo eka mambo yanabadilika. Robo eka ni mita za mraba 1,000 hivi, ukifunika yote kwa sentimita 5 ni lita 50,000, gunia zaidi ya 400, hiyo kwa mkulima wa kawaida haiwezekani kununua. Funika mistari tu. Shamba la mita 25 kwa 40 lenye mistari 25 ya nyanya, kila mstari mita 40, ukifunika mkanda wa sentimita 40 tu kufuata mstari unakuwa na mita za mraba 400, kwa sentimita 5 ni lita 20,000, gunia 167. Bado ni mengi ila sasa ukiweka mabua ya msimu uliopita, majani ya maharage baada ya kupura, na magugu uliyopalilia kabla hayajatoa mbegu, pengo la kununua linakuwa dogo. Hata ukifunika kidogo bado unafaidika, wataalamu wa kilimo hifadhi wanaanza kuhesabu shamba limefunikwa pale angalau asilimia 30 ya udongo ikiwa na mabaki juu yake, kwa hiyo usiache kabisa kwa sababu hufikii sentimita 5 kila mahali. Kama mfuko ni mdogo anza na mazao yanayoteseka na kiu haraka, nyanya, hoho, matango, mchicha utavumilia.

Wanaolima kwenye makopo na ndoo zilizokatwa, nyie hesabu yenu ni nyepesi. Mdomo wa ndoo ya lita 20 kwa unene wa sentimita 3 unakula kama lita 2. Gunia moja la pumba linatosha ndoo 60.

Kabla ya kupakia mzigo uangalie ni wa nini. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa usiweke kwenye mboga, muulize seremala, na vumbi la mbao za kiwandani zilizogandishwa kwa gundi acha hukohuko. Maranda yaliyotoka banda la kuku ni mbolea kali, yakiwa mabichi yanaunguza mimea, yaache yaoze kwanza. Nyasi zichukuliwe kabla hazijatoa mbegu, vinginevyo unajipandia magugu mwenyewe. Maranda ya kawaida juu ya udongo hayana shida, ila usiyachanganye na udongo kwa jembe, yakiwa chini yakianza kuoza yanachukua kirutubisho cha naitrojeni na mboga zinageuka njano. Pumba za mpunga ukishatandaza zimwagie maji palepale la sivyo upepo unazihamishia kwa jirani, na kwenye mteremko mvua kubwa inaziogelesha, hapo tumia nyasi. Na ndago usitegemee matandazo yaimalize, inatoboa, ing'olewe kwanza.

Siku ya kutandaza mwagilia udongo ulowe mpaka chini, maana ukifunika udongo mkavu umeufungia ukavu ndani. Kama una mipira ya matone iwe chini ya matandazo. Mwaga ndoo kwa kuhesabu, tuta la mita 6 za mraba ni ndoo 15, weka vilima 15 vidogo kwanza kisha sambaza kwa mkono au reki, ukifanya hivyo unene unalingana wenyewe. Acha nafasi kwenye mashina, na kwa sehemu zenye mchwa wengi acha kubwa zaidi, sentimita 30 kwenye miti, maana mchwa akifuata nyasi kavu hasiti kuhamia kwenye gome.

Miezi minne au mitano baadae yatakuwa yamepungua, na hapa watu wanaagiza tena mzigo mzima kama mwanzo wakati hawauhitaji. Chomeka rula sehemu kadhaa upate wastani. Kama zimebaki sentimita 2 na unataka 5, unaongeza 3 tu, lita 30 kwa kila mita ya mraba. Yale matuta yetu ya mita za mraba 24 yanahitaji lita 720, gunia 6 badala ya 10. Na kabla ya kuongeza yachokonoe kidogo ya zamani kwa reki, kama yameshikana maji hayapiti.